NAD na ahadi ya ujana: kipi kimethibitishwa, kipi unauziwa tu?

Huenda umeshakutana na herufi hizi tatu, NAD, kwenye simu yako. Mtu maarufu ameketi kwenye kiti cha starehe, dripu iko mkononi, na maelezo yanasema anaziongezea seli zake nguvu na kupunguza kasi ya uzee. Mwaka 2022, Hailey Bieber na Kendall Jenner walionekana wakiwekewa dripu ya aina hiyo katika kipindi cha televisheni cha The Kardashians, na tangu hapo biashara hii imezidi kukua. Kutoka Marekani imeenea hadi London na Dubai, na dripu za urembo na "nguvu" sasa zinatangazwa Nairobi pia. Pengine una ndugu ughaibuni ambaye ameahidi kukutumia vidonge, au unafikiria kumnunulia mzazi wako ambaye ameanza kuchoka.

Kabla hujatoa pesa, au mkono wako, ni vizuri ujue kilichopimwa na ambacho hakijapimwa.

Kwa ufupi

- NAD ni kitu halisi. Kila seli ya mwili wako inaihitaji ili uishi.
- Vidonge vya NR na NMN hupandisha kiwango cha NAD kwenye damu. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba vinamfanya binadamu aishi miaka mingi zaidi au azeeke polepole.
- Dripu na sindano za NAD zina ushahidi mdogo kuliko vidonge, zina gharama kubwa zaidi, na hatari yake ni kubwa zaidi.
- Upungufu mkubwa wa vitamini ambayo mwili huitumia kutengeneza NAD ni ugonjwa unaojulikana. Unaitwa pelagra, na tiba yake ni ya bei nafuu.

NAD ni nini?

Jina lake kamili ni nikotinamidi adenini dinukleotidi. Usijali kama ni gumu kulitamka. NAD ni kisaidizi cha vimeng'enya, yaani kitu kidogo ambacho vimeng'enya vinakihitaji ili vifanye kazi yake. (Jina linafanana na nikotini ya sigara, lakini ni vitu viwili tofauti.)

Ilianza kujulikana mwaka 1906, pale Arthur Harden na William John Young wa Uingereza walipokuwa wakichunguza jinsi hamira inavyochachusha sukari. Harden na Hans von Euler-Chelpin, aliyeendeleza kazi hiyo nchini Uswidi, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1929.

Ndani ya mwili wako, NAD ina kazi kubwa mbili. Ya kwanza ni kubeba nishati inayotoka kwenye chakula na kuipeleka mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nguvu. Katika kazi hii NAD haiishi. Inapakia, inashusha, kisha inarudi kupakia tena, kama bodaboda inayozunguka kati ya soko na stendi.

Katika kazi ya pili NAD hutumika na kuvunjwa. Vimeng'enya vinavyokarabati vinasaba vilivyoharibika huila. Vivyo hivyo kundi la vimeng'enya viitwavyo sirtuini, ambavyo hushiriki kuongoza shughuli nyingi za seli. Mwili hukusanya mabaki na kuyatengeneza upya kuwa NAD, na huongeza nyingine kutoka kwenye chakula: vitamini B3, ambayo pia huitwa niasini, na protini.

Habari ya uzee ilianzaje?

Mwaka 2000, Shin-ichiro Imai na Leonard Guarente, katika chuo cha MIT huko Marekani, walionyesha kwamba sirtuini haifanyi kazi bila NAD. Kwa kuwa sirtuini ilikwishahusishwa na maisha marefu katika hamira, swali lilijitokeza lenyewe: je, tukiongeza NAD, tutachelewesha uzee?

Mwaka 2004, Charles Brenner na wenzake walionyesha kwamba nikotinamidi ribosidi, kwa kifupi NR, ni aina ya vitamini B3 ambayo mwili unaweza kuigeuza kuwa NAD. Mwaka 2013, kundi la David Sinclair wa Harvard likachapisha utafiti uliovuma duniani kote. Panya wazee waliopewa NMN, kitangulizi kingine cha NAD, kwa wiki moja tu walionyesha dalili za ujana katika seli za misuli yao.

Kutoka hapo habari ilitoka maabara ikaingia sokoni haraka. Guarente alishiriki kuanzisha kampuni ya Elysium Health mwaka 2014, na Brenner akawa mshauri wa kampuni inayouza NR. Hilo si kosa, na wanasayansi wengi hufanya hivyo. Ila unaposikiliza sifa za bidhaa, ni haki yako kujua nani anafaidika ikinunuliwa. Ni haki pia kusema kwamba Brenner mwenyewe ni miongoni mwa wanaopinga hadharani madai kwamba uzee unaweza kurudishwa nyuma.

Na panya je? Mpango wa serikali ya Marekani unaojaribu dawa za uzee kwa panya, katika maabara tatu tofauti ili matokeo yahakikiwe, uliwapa panya NR. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: panya hao hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Video za matangazo hutaja panya wa mwaka 2013. Hawa wa 2021 hawatajwi.

Matangazo pia husema NAD hupungua nusu ukifika umri fulani. Kwa wanyama, kupungua kumeonekana katika viungo kadhaa. Kwa binadamu, tafiti bado ni chache na matokeo yake hayafanani. Hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa cha kusema "NAD yako iko chini", kwa hiyo kipimo cha NAD kinachouzwa pamoja na dripu hakikupi jibu ambalo daktari anaweza kulifanyia kazi.

Majaribio kwa binadamu yanasema nini?

Yapo, na baadhi yamefanywa vizuri. Haya ni machache yanayokupa picha:

- Mwaka 2018, watafiti wa Colorado waliwapa watu wazima wenye afya NR miligramu 1,000 kwa siku kwa wiki sita. NAD kwenye seli za damu ilipanda kwa takriban asilimia 60. Hapa wauzaji wanasema kweli.
- Mwaka huohuo, nchini Denmark, wanaume 40 wenye unene uliozidi walishiriki jaribio la wiki 12, wengine wakipewa NR miligramu 2,000 kwa siku na wengine vidonge visivyo na dawa. Miili ya waliopewa NR haikuitumia insulini vizuri zaidi kuliko ya wenzao.
- Mwaka 2021, wanawake 25 waliokoma hedhi na waliokuwa wakikaribia kisukari walishiriki jaribio la NMN la wiki 10. Misuli ya waliopewa NMN iliitikia insulini vizuri zaidi. Lakini sukari yao kwenye damu na shinikizo la damu havikubadilika.
- Mwaka 2024, katika jaribio la wagonjwa 90 ambao mishipa ya damu ya miguu yao imeziba, waliotumia NR kwa miezi sita waliweza kutembea umbali mrefu kidogo kwa dakika sita kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tofauti ilikuwa mita 17.6.

Unaona mwelekeo. Kipimo cha maabara hupanda karibu kila mara. Faida anayoihisi mgonjwa huonekana wakati mwingine, ikiwa ndogo, kwa kundi maalumu la wagonjwa. Matokeo kama yale ya miguu yanastahili jaribio kubwa zaidi. Hayatoshi kumwambia mtu mwenye miaka 35 na afya njema kwamba hatazeeka.

Kwa nini kupanda kwa kipimo hakutoshi?

Hili ndilo jambo la kulishika, kwa sababu litakusaidia hata bidhaa nyingine ikija mwakani na jina jingine.

Niasini, vitamini ileile mwili unayoitumia kutengeneza NAD, iliwahi kutumika kwa wingi kama dawa ya moyo. Sababu yake ilikuwa nzuri: dozi kubwa hupandisha lehemu inayoitwa "nzuri" kwenye damu. Madaktari waliona kipimo kikiboreka, wagonjwa wakafurahi.

Kisha likafanyika jaribio kubwa la watu 25,673 wenye magonjwa ya mishipa ya moyo na ubongo, katika Uingereza, nchi za Skandinavia na China. Nusu walipewa niasini pamoja na dawa ya kuzuia ngozi kuwaka, nusu vidonge visivyo na dawa. Walifuatiliwa kwa karibu miaka minne. Matokeo ya mwaka 2014 yalishangaza wengi. Lehemu nzuri ilipanda, lakini mashambulio ya moyo na viharusi havikupungua kwa kiwango cha maana. Badala yake, waliopewa niasini walipata kisukari zaidi, maambukizi zaidi na kutokwa damu zaidi.

Bila jaribio hilo watu wangeendelea kumeza vidonge hivyo wakiamini vinawalinda, kwa sababu karatasi ya maabara ilisema hivyo. Muuzaji wa dripu anayekuonyesha kwamba NAD yako imepanda anakuonyesha karatasi ya aina hiyohiyo.

Kuna swali jingine ambalo halijajibiwa. Seli za saratani nazo zinahitaji NAD nyingi ili zikue, na watafiti wamewahi kujaribu dawa za saratani zinazofanya kazi kwa kuzinyima NAD. Hiyo haithibitishi kwamba vidonge vya NR au NMN vinaleta saratani. Lakini kama unatibiwa saratani au umewahi kuugua, usivitumie kabla ya kuzungumza na daktari wako wa saratani.

Dripu na sindano: hapa uwe makini zaidi

Wazo la kutumia NAD kwa dripu si jipya. Mwaka 1961, daktari Paul O'Hollaren wa Seattle aliripoti kwamba aliitumia kwa wagonjwa zaidi ya 100 wenye uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Zaidi ya miaka 60 baadaye, bado hatuna majaribio makubwa, yenye kundi la kulinganisha, yanayothibitisha kwamba inafanya kazi, iwe kwa uraibu au kwa uzee.

Kuna sababu ya kibiolojia ya kuuliza maswali. NAD nzima haipenyi kwa urahisi ukuta wa seli. Sehemu kubwa ya inayoingizwa kwenye mshipa huvunjwa kwanza kuwa vipande vidogo, na vipande hivyo ndivyo seli huvichukua. Kwa maneno mengine, huenda unalipia njia ndefu ya kupata kitu kinachokaribiana na vitamini B3. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia wanaume 11, wanane kati yao wakiwekewa miligramu 750 za NAD kwa saa sita. Kwa saa mbili za kwanza, NAD kwenye damu yao haikupanda.

Wengi wanaowekewa dripu hii kwa kasi hupata kichefuchefu, kubanwa kifua, maumivu ya tumbo, kichwa kuuma au moyo kwenda mbio. Ndiyo maana huendeshwa polepole kwa saa kadhaa. Wengine huambiwa kwamba kujisikia vibaya ni ishara kuwa "inafanya kazi". Usilikubali jibu hilo. Kubanwa kifua ni dalili ya kusimamisha dripu na kuchunguzwa.

Hatari nyingine haitokani na NAD yenyewe. Inatokana na sindano. Mwaka 2024, taasisi ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani, CDC, ilieleza kwamba angalau wateja watatu wa kituo kimoja cha urembo kisicho na leseni katika jimbo la New Mexico walielekea kuambukizwa VVU kupitia huduma ya uso inayotumia sindano ndogo na damu ya mteja mwenyewe. Mwaka 2023, mwanamke mmoja katika mji mdogo wa Texas alifariki baada ya kuwekewa dripu kwenye kituo cha urembo, na mwaka 2025 jimbo hilo likapitisha sheria mpya ya kusimamia huduma za dripu. Visa hivyo viwili havikuwa vya NAD. Lakini mlango wa kuingilia ulikuwa uleule: mtu mwenye afya, huduma ya hiari, na mahali pasipo na maandalizi ya hospitali.

Huko Marekani dripu moja ya NAD hugharimu mamia ya dola, na nyingine hufika 1,000 au zaidi. Wateja huambiwa warudie.

Nani anasimamia bidhaa hizi?

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha NAD ya dripu au ya sindano kama dawa ya uzee wala ya ugonjwa wowote. Vidonge huuzwa kama virutubisho vya nyongeza, na chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1994 mwenye kampuni halazimiki kuthibitisha kwamba kirutubisho kinafanya kazi kabla ya kukiuza. NMN imekuwa na safari ya ajabu: mwaka 2022 FDA ilisema haiwezi kuuzwa kama kirutubisho kwa sababu inachunguzwa kama dawa, kisha mwaka 2025 ikabadili msimamo. Mabadiliko hayo yalihusu tafsiri ya sheria. Hayakuja na ushahidi mpya kwamba NMN inazuia uzee.

Ukiwa Kenya, unaweza kuuliza kama bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Ukiwa Tanzania Bara, uliza TMDA. Chupa iliyokuja kwenye begi la msafiri haijapita kwenye ukaguzi huo.

Upungufu wa kweli unaonekanaje?

Mtu asipopata niasini ya kutosha, mwili wake hushindwa kutengeneza NAD inayohitajika, na huugua pelagra. Ngozi iliyo wazi kwa jua, hasa shingoni, mikononi na miguuni, huwa nyeusi, nene na yenye magamba. Hufuata kuharisha, kisha kuchanganyikiwa. Asipotibiwa hufa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra iliua makumi ya maelfu ya watu maskini kusini mwa Marekani, ambao chakula chao kikuu kilikuwa mahindi. Daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba chanzo ni lishe duni wala si vijidudu, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem akatambua niasini kuwa ndiyo tiba. Niasini ya mahindi imefungwa kwa namna ambayo mwili hauichukui vizuri. Ndiyo maana mtu anayekula ugali wa mahindi karibu peke yake, bila maharage, dagaa, karanga au nyama, yuko hatarini.

Haya si ya zamani tu. Mwaka 1990, zaidi ya wakimbizi 18,000 wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra, baada ya karanga kukosekana katika mgawo wao wa chakula. Na mwaka 2022, watafiti walieleza visa vya pelagra nchini Malawi vilivyohusishwa na isoniazidi, dawa ya kuzuia na kutibu kifua kikuu, kwa sababu dawa hiyo huvuruga utengenezaji wa niasini mwilini. Wanaokunywa pombe kwa wingi nao wako hatarini.

Kama unatumia isoniazidi na unaona ngozi ya shingo au mikono inabadilika, usiache dawa mwenyewe. Nenda kliniki mapema. Pelagra hutibiwa kwa vidonge vya vitamini B3 na chakula bora, na wengi hupata nafuu haraka.

Je, kuna matumizi yenye ushahidi?

Yapo machache. Nikotinamidi, aina rahisi ya vitamini B3, ilijaribiwa Australia kwa watu 386 waliokwishapata saratani za ngozi zisizo za melanoma. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliotumia miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa mwaka mmoja walipata saratani mpya za aina hiyo kwa asilimia 23 pungufu. Kama una ualbino au umewahi kuondolewa saratani ya ngozi, muulize daktari wako wa ngozi kama inakuhusu, ukijua kwamba utafiti huo haukufanywa kwa watu wenye ualbino.

Pia mazoezi. Katika utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2019, wiki 12 za mazoezi ziliongeza uwezo wa misuli wa kutengeneza NAD upya, kwa vijana na kwa wazee. Faida nyingine za mazoezi kwa moyo, sukari na akili zina ushahidi mkubwa kuliko bidhaa yoyote iliyotajwa hapa.

Ukiambiwa uwekewe dripu, uliza haya

- Ninatibiwa ugonjwa gani, na nani ameuthibitisha?
- Nani atanichoma, na leseni yake iko wapi? Je, daktari yupo hapa sasa?
- Chupa hii imetoka wapi? Imeandikwa kuwa ni ya sindano, na imesajiliwa nchini?
- Nikipata mzio au kifua kikibana, mna dawa na vifaa gani vya dharura?
- Gharama ya jumla ni kiasi gani, na nitaacha lini?

Ukikosa jibu la wazi kwa swali hata moja, ondoka. Hakuna dharura ya kuwekewa NAD.

Na kama kilichokuleta hapa ni uchovu usioisha, wako au wa mzazi wako, usiupeleke kwenye dripu. Uchovu unaweza kutokana na upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo, shinikizo la damu, usingizi mbaya, sonona au dawa anazotumia. Nenda kituo cha afya ukapimwe damu, sukari na shinikizo, na uende na orodha ya dawa zote anazomeza, pamoja na hivyo vidonge vilivyotumwa kutoka ughaibuni.